Tone Halisemi Lilikoingilia

Huko Uingereza gari-nyumba lililotumika hutangazwa kwa picha za godoro, jiko na choo kilichosuguliwa kikang'aa. Mnunuzi anayeijua kazi yake haanzi huko. Hufungua kabati la juu kwenye kona ya nyuma, akaingiza kichwa na kunusa. Akipokewa na harufu ya ukungu, mazungumzo ya bei huanza upya, na pengine huishia papo hapo. Muuzaji aliyepulizia manukato ya limau asubuhi ile amejitolea ushahidi mwenyewe.

Hofu hiyo ina msingi, nao umo ndani ya ukuta. Magari mengi ya Ulaya yaliyoundwa kwa mtindo wa zamani yana fremu ya mbao nyembamba, povu gumu la kuzuia baridi katikati, bati la alumini nje, na ndani plaiwudi iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mbao za fahari. Bati mbili zinapokutana, kiungo hufunikwa kwa ukanda wa alumini uliokazwa kwa skrubu juu ya mastiki laini. Kinachozuia mvua hasa ni mastiki hiyo, wala si bati. Miaka ikipita hukauka, husinyaa na kupasuka, huku gari likitikiswa barabarani na jua likilitanua bati mchana na baridi kulirudisha usiku. Kila skrubu imetoboa hadi kwenye ubao, kwa hiyo njia ya maji ilichongwa kiwandani. Ilikuwa inasubiri tu kufunguliwa.

Maji yakishapenya hayashuki wima. Hufuata ubao, hupita chini ya plaiwudi, na yaliyoingilia kwenye taa ya paa mbele yanaweza kujitokeza sakafuni chini ya kitanda cha nyuma. Aliyewahi kutega sufuria chini ya bati linalovuja anajua kwamba tundu si lazima liwe juu ya sufuria. Hapa sufuria ni ukuta wenyewe, nao haumwagiki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni haya ni maji gani, kabla ya kuuliza yanavujia wapi. Watu wawili wakilala madirisha yamefungwa, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Asubuhi yapo kwenye vioo na nyuma ya mito. Hilo halihitaji fundi, linahitaji dirisha. Mabomba nayo hujisema: funga koki zote, iache pampu ikiwa imewashwa, kisha nyamaza usikilize. Ikinguruma kidogo kila baada ya muda bila mtu kugusa koki, mgandamizo unapotea mahali fulani, ama kwenye kiungo au kwenye vali ya pampu yenyewe. Haya yakishaondolewa shakani ndipo mvua ishtakiwe.

Kipima unyevu chenye pini mbili husaidia, ila watu hukiamini kupita kiasi. Mafundi huchukulia chini ya asilimia 15 kuwa salama, huanza kukunja uso zaidi ya 20, na ikipita 30 huulizia bajeti. Lakini kifaa hupima jinsi umeme unavyopita, kwa hiyo skrubu iliyojificha itakitia uongo. Namba moja haina maana. Bandika vipande vya utepe wa karatasi ukutani kila baada ya shubiri moja, andika kipimo kwa penseli, kisha fuata namba kubwa zinavyopanda kutoka sakafuni kuelekea darini. Zinapokoma kupanda, toka nje uangalie kuna nini upande wa pili: mara nyingi ni ukanda wa kona, taa, au fremu ya dirisha la dari.

Kuna jaribio jingine ninaloliona la werevu kuliko yote. Feni hufungwa kwenye dirisha la dari ikasukuma hewa ndani, matundu mengine yote yakazibwa, kisha maji ya sabuni hupakwa nje kwenye viungo. Hewa hutoka palepale mvua inapoingilia, na povu hutokea. Matundu yaliyozibwa ni pamoja na yale ya sakafuni ya kutolea gesi ikivuja. Anayesahau kuyazibua anaweza kumaliza tatizo la unyevu pamoja na mwenye gari.

Kisha huja ukarabati, na hapa ndipo bomba la silikoni linapofanya uharibifu wake. Methali ya ufa na ukuta inahimiza kuziba, ila haisemi kwa kitu gani. Silikoni iliyopakwa juu ya ukanda mkongwe hufunga maji yasitoke, na hakuna gundi nyingine itakayoshika vizuri mahali ilipopita. Kazi halali ni kuung'oa ukanda. Chini yake utakuta skrubu zenye kutu na mastiki ya kijivu inayomeguka kama makombo. Choma ubao kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa, ubao huo ukatwe. Kilichobaki kikaushwe, hata kwa majuma kadhaa, ndipo uweke utepe mpya wa butili na skrubu zisizoshika kutu. Gundi ya poliyurethani inafaa paani lakini hupasua madirisha ya akriliki, na paa za mpira za magari ya Marekani huvimba zikiguswa na mafuta ya petroli.

Viwanda vingi sasa vimeacha mbao na kutumia fiberglasi na poliyurethani, na vingine hutoa dhamana ya miaka kadhaa dhidi ya maji, mradi gari likaguliwe kila mwaka na kitabu kigongwe muhuri. Kuta hizo haziozi. Ndipo mwenye gari hupanda paani Jumamosi na drili, kufunga paneli ya jua.