Je, Wajua? Jina la mtoto laweza kufika mahakamani

Nchini New Zealand, mzazi akitaka kumwita mwanawe King au Justice, ombi lake hukataliwa. Sheria ya usajili inazuia majina yanayofanana na vyeo, yanayoudhi au yaliyo marefu kupita kiasi.

Mwaka 2008, jaji Rob Murfitt wa nchi hiyo alimweka msichana wa miaka 9 chini ya ulezi wa mahakama ili abadilishiwe jina. Wazazi walikuwa wamempa sentensi nzima kuhusu kucheza hula, ngoma ya Hawaii. Binti aliona haya mno hata marafiki hakuwaambia; wao walimjua kwa herufi moja tu, K. Jaji alitenda haki, kwani anayeitikia jina hilo shuleni ni mtoto, si aliyelitunga.

Ufaransa iliwapa wazazi uhuru wa kuchagua majina mwaka 1993, lakini msajili akiona jina litamdhuru mtoto hulipeleka kwa mwendesha mashtaka, naye anaweza kwenda mahakamani. Mahakama ya mji wa Valenciennes ilikataa jina Nutella, lile la chokoleti ya kupaka mkate. Mtoto akaitwa Ella. Wazazi wengine walitaka Fraise, yaani stroberi. Walipokataliwa, walichagua Fraisine, jina la kale la Kifaransa.