Spika tano, mbili tu zinaimba: Jinsi ya kufikisha sauti ya michezo ya kompyuta kwenye risiva

UMENUNUA risiva, spika zake tano na wufa. Umeunganisha kila kitu na kompyuta, ukawasha mchezo wa magari na kukaa kitini ukisubiri gari la mpinzani lingurume nyuma ya kisogo chako. Lo! Spika mbili za mbele zinapiga kelele, lakini za nyuma zimetulia kama maji mtungini.

Kabla hujamrudia mwenye duka kwa hasira, tulia usome makala haya. Huenda hakuna chochote kilichoharibika.

Katika jiji la Eldoret, lililokabidhiwa hati ya kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, kuna maelfu ya wanafunzi wa vyuo, na kompyuta si kitu kigeni majumbani. Kijana akimaliza masomo ya siku hupenda kucheza, na baba naye hutaka filamu yake ya Jumamosi isikike kama ya ukumbi wa sinema. Tatizo ni kwamba vifaa hivi huweza kumeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Ndiyo sababu ni muhimu uelewe unachonunua kabla hujafungua mkoba.

Chanzo cha ukimya

Sauti ya kumzunguka msikilizaji kwa njia ya dijitali ilianzia kwenye filamu. Mfumo wa Dolby Digital uliingia katika kumbi za sinema mwaka wa 1992 na filamu ya Batman Returns, na mwaka uliofuata mshindani wake, DTS, akaja na Jurassic Park.

Ile namba 5.1 unayoiona kwenye katoni ina maana hii: spika tatu mbele, yaani kushoto, kati na kulia, na mbili pembeni au nyuma yako. Hiyo moja baada ya nukta ni wufa, ambayo kazi yake ni besi pekee.

Sasa tazama nyuma ya kompyuta yako. Huenda ukaona tundu la sauti ya dijitali, ama lile linalotoa mwanga mwekundu au lile la duara la kebo ya koaksia. Njia hii iliasisiwa na kampuni za Sony na Philips, na nafasi yake kwa sauti isiyobanwa ni ya chaneli mbili tu.

Hesabu yake ni rahisi. Sauti ya chaneli mbili kwa ubora wa kawaida wa kompyuta huhitaji takribani megabiti 1.5 kwa sekunde. Chaneli sita huhitaji takribani 4.6. Mzigo huo haupiti katika mlango huo mpaka ubanwe kwanza. Dolby Digital hubana chaneli zote sita zikawa kilobiti 640 kwa sekunde au chini ya hapo, na kwenye DVD kikomo ni 448.

Chukua mfano wa maziwa, ambayo wakazi wa Uasin Gishu wanayajua vyema. Filamu ya DVD ni kama maziwa ya unga: yalikaushwa kiwandani, yakafungwa, na kazi ya risiva ni kuongeza maji tu. Mchezo wa kompyuta ni ng'ombe anayekamuliwa papo hapo. Hakuna ajuaye kama utakata kona kushoto au kulia, kwa hivyo sauti hutengenezwa unapocheza. Ili ipite kwenye lile tundu, lazima kompyuta yenyewe iwe na mtambo wa kuibana palepale.

Hii ndiyo sababu mtu hushangaa: "Mbona filamu inatoa sauti spika zote, na mchezo hautoi?" Filamu ilibanwa zamani. Mchezo haujabanwa.

Uwezo wa kubana papo hapo ulifika nyumbani mwaka wa 2001, kupitia mashine ya Xbox ya kwanza na vifaa vya nForce vya kampuni ya Nvidia. Siku hizi katika kompyuta uwezo huo huitwa Dolby Digital Live au DTS Connect. Si kila kadi ya sauti iliyo nao.

Njia tatu za kufuata

Njia ya kwanza, na iliyo bora, ni HDMI. Kebo hii hubeba hadi chaneli nane bila kuzibana, kwa hivyo hakuna haja ya Dolby Digital Live wala DTS Connect. Chomeka kebo kutoka kadi ya picha ya kompyuta hadi risiva, kisha kebo ya pili kutoka risiva hadi TV. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini hazina HDMI bali zina DisplayPort. Hiyo nayo hubeba sauti, hivyo utahitaji kiunganishi tu. Tundu la zamani la VGA halibebi sauti hata chembe.

Tahadhari moja: baadhi ya risiva za mwanzo zenye HDMI hupitisha picha tu na kuiacha sauti. Uliza, au usome kijitabu chake, kabla ya kulipa.

Njia ya pili ni lile tundu la mwanga au la koaksia. Ifuate iwapo tu kadi yako ya sauti ina Dolby Digital Live au DTS Connect. Ujue pia kwamba kubana huchukua muda, hivyo sauti inaweza kuchelewa kidogo nyuma ya picha.

Njia ya tatu ni ya wasio na fedha nyingi, na wengi wameisahau. Risiva kadhaa za zamani zina matundu sita ya kuingizia sauti, moja kwa kila chaneli. Kompyuta nyingi za mezani nazo zina vitundu vya rangi: kijani ni spika za mbele, nyeusi ni za nyuma, na chungwa ni ya kati pamoja na wufa. Nunua kebo tatu, kila moja ikiwa na kichwa kimoja upande wa kompyuta na viwili upande wa risiva. Hii si sauti ya dijitali kwenye waya, lakini spika zote sita zitaimba.

Jihadhari na mtego wa TV. Wengi huunganisha kompyuta na TV, kisha TV na risiva kwa kebo ya mwanga. TV nyingi hupunguza sauti iliyoingia kwa HDMI ikawa chaneli mbili kabla ya kuitoa. Ipeleke sauti kwa risiva kwanza.

Wanaotumia mashine za michezo wakumbuke pia kwamba PlayStation 5 haina tundu la mwanga. Mwenye risiva isiyo na HDMI asiahidiwe miujiza.

Mipangilio

Baada ya kuunganisha, fungua sehemu ya sauti ya Windows. Chagua risiva iwe ndiyo kifaa cha kutolea sauti, kisha panga spika kuwa 5.1. Bonyeza jaribio na usikilize: kila spika italia kwa zamu yake.

Halafu ingia ndani ya mchezo wenyewe. Michezo mingi ina mahali pa kuchagua aina ya spika. Ukiacha kwenye vipokea sauti vya masikioni, utapata chaneli mbili hata kama kebo ni ya dhahabu.

Mwisho, tazama uso wa risiva. Ikiandika Dolby Digital, DTS au Multi, umefaulu. Ikiandika Stereo au Pro Logic, bado unapokea chaneli mbili ambazo pengine inazitawanya kwa kukisia.

Usichome risiva

Rahisi ghali. Risiva ya mtumba iliyotengenezewa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani 120. Umeme wetu ni volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja, utaiunguza kabla hujasikia wimbo mmoja. Soma kibandiko cha nyuma, na ikibidi nunua transfoma inayoweza kuhimili nguvu ya risiva hiyo.

Angalia pia ohmu za spika. Spika za homu thieta ndogo mara nyingi ni za ohmu 3 au 4, ilhali risiva nyingi hutaka 6 hadi 8. Ukizichanganya, risiva hupata joto kupita kiasi. Msimu wa mvua ya radi, chomoa kila kitu ukutani.

Sebule, jirani na masikio

Weka spika za mbele usawa wa masikio, na za nyuma juu kidogo, pembeni mwa kochi. Wufa usiibane kwenye kona. Kona huikuza besi, na besi hupenya ukuta. Katika ploti za Langas au Huruma, ambako ukuta mmoja hugawa familia mbili, mtoto wa jirani anayejiandaa kwa mtihani hana hatia. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 zinamlinda jirani huyo.

Masikio yako nayo yana kikomo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Sauti ikiongezeka, saa hizo hupungua upesi.

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kwenda dukani andika mambo matatu kwenye karatasi: matundu yaliyo nyuma ya kompyuta yako, matundu yaliyo nyuma ya risiva unayoitaka, na volti zake. Muuzaji asipoweza kukuonyesha jinsi vitatu hivyo vitakavyokutana, funga mkoba wako uende duka la pili.