Kupandisha Kasi ya Prosesa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya kompyuta za mezani zilizotumika, mjini Tunduma kama kwingineko nchini, mnunuzi hukutana na mashine za ofisi za aina ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Huenda akaelezwa kwamba mashine fulani "imeongezwa kasi", au akaombwa malipo ya ziada ili fundi amwongezee kasi hiyo. Mara nyingi kazi anayoahidiwa haiwezekani kwenye mashine ya namna hiyo, na kwa sababu hiyo tunaeleza hapa jinsi jambo lenyewe lilivyo.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Bodi mama hutoa pigo la msingi, kwa kawaida megahezi 100, na prosesa hulizidisha kwa namba iitwayo kizidishi. Kizidishi kikiwa 36, kasi huwa megahezi 3,600, yaani gigahezi 3.6. Kupandisha kasi, kitendo ambacho mafundi hukiita oveklokingi, ni kukiongeza kizidishi hicho kupita kiwango alichokiweka mtengenezaji. Na mara nyingi volteji nayo huongezwa ili prosesa istahimili mwendo mpya.

Si kila prosesa inayoruhusu jambo hilo. Kwa upande wa Intel, kizidishi hufunguliwa hasa kwa zile ambazo namba yake huishia na herufi K, nazo huhitaji bodi mama yenye chipseti ya daraja la Z. Prosesa nyingi za AMD Ryzen zimefunguliwa, ila nazo zataka chipseti ya daraja la B au X. Kufuli hilo lina historia yake: katika miaka ya 1990 walaghai walifuta maandishi juu ya prosesa za bei nafuu, wakaziandika kasi kubwa zaidi, wakaziuza kwa bei ya zile bora. Kukifunga kizidishi kuliwazibia njia hiyo.

Tuchukue mfano wa Core i5-6500, prosesa iliyotoka mwaka 2015 na inayopatikana ndani ya kompyuta nyingi za ofisi za wakati huo. Haina herufi K, na kizidishi chake kimefungwa. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.2, lakini kiwandani imepewa uwezo wa kujipandisha yenyewe hadi 3.6 kazi inapodai na joto linaporuhusu. Hapo ndipo mlaji anapopaswa kuwa macho. Muuzaji aweza kufungua dirisha la Windows linaloonyesha kasi, namba ikasoma 3.5 na zaidi, kisha akadai kwamba hiyo ni kazi ya fundi wake. Sivyo, kila prosesa ya namba hiyo hufanya vivyo hivyo bila kuguswa na mtu. Uliza namba kamili ya prosesa, iandike, na ulinganishe na maelezo ya mtengenezaji kabla ya kutoa fedha.

Kwa mwenye mashine inayoruhusu, gharama ya kwanza ni joto. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa volteji huongezeka kwa kipeo cha pili. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, matumizi hupanda kwa takriban asilimia 33: prosesa ya wati 65 itafikia wati 86 hivi. Ikifanya kazi nzito saa 8 kila siku, nyongeza hiyo ni karibu uniti 5 za LUKU kwa mwezi, ilhali kasi iliyopatikana haizidi sehemu moja ya kumi. Ni kweli kwamba baridi ya nyanda za juu humsaidia mkazi wa Tunduma kuliko wa Dar es Salaam, kwa kuwa feni hupuliza hewa ya chumba kama ilivyo. Hata hivyo, vumbi la kiangazi kando ya barabara kuu huziba mapezi ya chuma cha kupoozea, na faida hiyo ikapotea.

Gharama ya pili ni dhamana. Dhamana ya kawaida ya Intel na ya AMD haifidii uharibifu uliosababishwa na kupandisha kasi kupita kiwango. Basi fundi akikuambia kwamba dhamana itabaki palepale, mwombe aandike ahadi hiyo kwa jina lake.

Anayeanza na aanze polepole. Ahifadhi kwanza mafaili yake mahali pengine, asafishe vumbi, kisha apime joto la prosesa ikiwa katika kazi nzito kabla ya kubadilisha chochote. Kama tayari linakaribia nyuzi 90, aishie hapo, maana prosesa nyingi hujipunguza kasi zinapofika nyuzi 95 hadi 100. Ndani ya BIOS, aongeze kizidishi kwa hatua moja tu, asiiguse volteji, na aijaribu mashine kwa kazi nzito ya saa kadhaa kabla ya hatua inayofuata. Kompyuta kuzimika haraka si dalili mbaya kuliko zote. La kuhofiwa zaidi ni makosa ya kimyakimya: faili la hesabu linaloharibika, au picha za harusi zisizofunguka tena. Mashine ikikataa kuwaka, kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa kufuata kitabu cha bodi mama, mara nyingi kwa kuondoa ile betri ndogo ya mviringo umeme ukiwa umechomolewa, huirudisha katika hali ya awali.

Kwa maoni yetu, wengi wanaolalamikia kompyuta nzito hawahitaji haya yote. Wakala wa forodha anayesubiri ukurasa ufunguke mara nyingi anasubiri mtandao. Mwenye duka la stesheneri ambaye mashine yake huchukua dakika kadhaa kuwaka, yaelekea bado anatumia diski ya kuzunguka. Diski ya SSD, pamoja na RAM ya kutosha, itambadilishia mwendo kuliko nyongeza yoyote ya kizidishi.

Kuhusu haki zako, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kuwa imetumika hakumwondolei muuzaji wajibu wa kuieleza kwa ukweli. Dai risiti ya EFD, na pamoja nayo karatasi yenye saini inayotaja namba ya prosesa, kiasi cha RAM, aina ya diski, na kama kasi imepandishwa au la. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani yakiwa na vielelezo hivyo. Aliyenunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, atalazimika kufuata sheria za Zambia na kulalamika kwa mamlaka za huko. Kwa hiyo mashine ya Nakonde iwashwe na kukaguliwa dukani, kabla boksi halijavuka kurudi Tunduma.