Mwanasiasa na Hadhira Zake: Kauli kuhusu Ardhi katika Bonde la Kilombero, kwa Kurejelea Kata ya Chita

Makala hii inafafanua namna wanasiasa wanavyorekebisha kauli zao kulingana na hadhira, na kupendekeza kigezo cha kutofautisha urekebishaji wa lugha na ubadilishaji wa msimamo.

Mwaka 1984, mwanaisimujamii Allan Bell alionesha kuwa watangazaji wa redio wa Nyuzilandi walibadili matamshi walipohama kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Kazi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni wasikilizaji. Bell aliwatofautisha pia anayeambiwa, anayesikiliza, anayesikia kwa bahati na anayedukiza. Mgawanyo huo unaifaa Chita.

Kata hiyo ipo chini ya safu ya milima ya Udzungwa, kando ya tambarare inayofurika wakati wa masika. Ardhi yake inahitajiwa na wakulima wa mpunga, wafugaji na wahifadhi kwa pamoja. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar. Mwaka 2010 mpango wa SAGCOT ulizinduliwa Dar es Salaam, na Kilombero ikawa miongoni mwa maeneo yaliyolengwa kwa kilimo cha biashara. Mwaka 2012 ilifuata operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza kusitishwa kwa uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwamo katika maeneo ya hifadhi nchini. Wahifadhi, wawekezaji na wanavijiji, kila kundi lilipata kauli ya kulitia moyo.

Kauli hizo si lazima ziwe za uongo. Mgombea anaweza kuwaahidi wakulima ulinzi wa mashamba, kisha akawaahidi wafugaji malisho, na ahadi zote mbili zikatekelezeka. Mgongano hujitokeza pale anapoulizwa mpaka upo wapi. Ikiwa ekari zilezile zimeahidiwa mara mbili, kilichobadilika si lugha tena, bali ni msimamo.

Aidha, Kiswahili kinawaunganisha Wandamba, Wapogoro, Wasukuma na wengineo. Hivyo asiyekusudiwa kuambiwa naye huelewa. Kwa sababu hiyo, ukinzani wa wazi ni hatari kwa mwanasiasa, na usalama wake hupatikana katika maneno mapana kama vile "matumizi bora ya ardhi", ambayo kila kundi huyajaza maana yake. Anayebeba hasara ni yule aliyepanda au kuhamisha mifugo kwa kuamini maana aliyoijaza mwenyewe.

Hivyo basi, kauli ya mwanasiasa kuhusu ardhi ipimwe kwa mambo matatu: eneo lililotajwa, mpaka wake na muda wa utekelezaji. Mahali panapofaa kwa kipimo hicho ni mkutano mkuu wa kijiji, chombo kinachotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hapo mkulima na mfugaji huketi pamoja, na jibu huandikwa katika muhtasari.