Paka, Nunda na Mngwa

Paka mashuhuri kuliko wote katika hadithi za Waswahili ni yule wa Sultani Majnuni, ambaye kisa chake kimo katika kitabu cha Edward Steere kilichochapwa London mwaka 1870. Steere alikipata Unguja. Mwaka 1876, akiwa sasa Askofu, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, akawaweka huko. Basi jina lake limefungamana na nchi ile ile ambayo baadaye ilizua ubishi juu ya mnyama huyo.

Paka alianza kwa kukamata ndama. Watu wakaenda kushitaki, naye Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi aachwe. Wakafuata mbuzi, ng'ombe, punda na ngamia, jibu halikubadilika. Hata alipoanza kula watu, Sultani hakushituka. Ni mpaka wanawe mwenyewe walipouawa ndipo alipotamka kwamba huyo si paka tena, ni nunda. (Majnuni, kwa Kiarabu, ni mwenye wazimu, msimulizi hakulichagua jina hilo bure.)

Hapo mtaalamu wa lugha hana budi kutua. Nunda katika kisa hiki si jina la jinsi ya mnyama. Ni jina la hali aliyofikia paka wa nyumbani kwa kutokukatazwa. Ndiyo maana neno hilo hutumika pia kwa mtu katili. Tena zitazamwe alama ambazo mwana mdogo wa Sultani alimtambulia mnyama huyo: masikio madogo, umbo pana lisilo refu, madoa kama ya ngawa, mkia mnene. Kabla ya hapo amekwisha kumletea mama yake mbwa, ngawa, hata tembo, na kila mara mama humjibu kwa wimbo kwamba siye. Ukiondoa ukubwa, alama hizo ni za paka shume, yule dume aliyeacha nyumba akahamia porini. Paka wa kisa cha Goso, ambaye ni nguvu zaidi ya panya lakini hufungwa kwa kamba, hana makuu kama hayo.

Mambo yalivurugika mwaka 1937. William Hichens, ambaye wasomi wa ushairi wamjua kwa toleo lake la Al-Inkishafi la 1939, aliandika katika jarida la Discovery habari za mngwa: mnyama wa kijivu, mwenye milia kama paka, mkubwa kama punda, aliyesemwa kuwa aliua watu Lindi siku ambazo Hichens alikuwa hakimu huko. Tangu hapo waandishi wa ng'ambo wamezoea kuandika "mngwa au nunda" kana kwamba ni mnyama mmoja asiyejulikana na sayansi, na kukitumia kisa cha Steere kuwa ushahidi wake. Hoja hiyo ni dhaifu sana. Kisa kinaeleza wazi nunda alikotoka, nako si msituni, bali barazani kwa Sultani.

Wala nchi ya Lindi na Masasi haihitaji mnyama wa kubuni. Utafiti uliochapwa katika jarida la Nature mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa palipoumia zaidi. Wengi walikamatwa wakati wa mavuno, walipokuwa wakilala mashambani kulinda mazao yao na nguruwe. Kwa msikilizaji wa Nanganga, hapo njia ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi, mnyama mla watu si mfano wa kishairi.

Ng'ambo ya Ruvuma, katika nyanda za juu za Mueda, Harry West alieleza kwa kirefu imani ya Wamakonde juu ya simba waliotengenezwa au waliogeuzwa na wachawi. Mtu akiuawa huko, haiulizwi tu ni mnyama gani. Huulizwa ni wa nani. Swali hilo ndilo watu wa Sultani Majnuni walilolipeleka barazani, naye akalijibu mwenyewe bila kujua: paka ni wangu. Mngwa wa Hichens hana mwenyewe.