Kitabu Kisicho na Jalada

Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, na mgongo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa gunia. Nilikisoma nikiwa darasa la sita, mwishoni mwa miaka ya 1980, nyumbani kwetu Kiogoro, Kisii, mbele ya koroboi iliyokuwa ikiniachia masizi puani hadi asubuhi. Miaka thelathini na kitu baadaye, nilichobakiwa nacho kichwani ni hiki: shule ya bweni ya wavulana walioshindikana kwingine, chakula cha kutia huruma, genge la watundu, na ndani ya genge hilo jitu la mtoto lililobandikwa jina la King Kong. Nilikumbuka pia, wazi kabisa, wavulana hao wakivuka mto Gucha usiku.

Sikujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Nikaandika King Kong kwenye simu, akanitokea sokwe wa filamu ya Marekani ya mwaka 1933 akiparamia jengo refu la New York. Nikaongeza neno shule. Sokwe yule yule.

Basi nikaanza pale ambapo kila mpango wa vitabu nchini Kenya huishia, kwenye stoo ya shule ya msingi. Sitaitaja shule yenyewe, kwani nilichokiona pale kipo kwingi. Naibu wa mwalimu mkuu alifungua kufuli mbili, akausukuma mlango kwa bega. Ndani mlinuka kuvu. Milima ya Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na karatasi iliyolazwa juu ya sakafu ya saruji hunywa maji kama sifongo. Maboksi yalikuwa yamepangana kwa tabaka, na mtu angeweza kuzisoma serikali zilizopita kuanzia chini kwenda juu.

Chini kabisa yalikuwa masalia ya siku ambazo mzazi alijinunulia vitabu mwenyewe. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani wa darasa la nane, na sisi watoto wa Gusii tuliokuwa tukikisikia stendi ya magari na kwenye redio tu tukajikuta tunatafuta vitabu vyake kama dawa. Juu ya tabaka hilo kulikuwa na vya mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na 650 kati ya hizo ziliingia kwenye akaunti ya vifaa vya masomo iliyofupishwa kuwa SIMBA. Shule ilichagua vitabu katika orodha iliyoidhinishwa, ikanunua kwa muuzaji wa karibu. Wenye maduka ya vitabu mjini Kisii walizipenda sana zama hizo, na si wote waliozipenda kwa sababu njema. Juu yake tena kulikuwa na maboksi ya kuanzia 2018, wakati serikali ilipoamua kuvinunua vitabu vya kiada yenyewe na kuvifikisha shuleni moja kwa moja, lengo likiwa kitabu kimoja kwa mtoto mmoja. Pembeni, nyuma ya mlango wa chuma, vishikwambi. Hivyo ni mtoto wa ahadi ya kampeni ya mwaka 2013, ile ya kompyuta kwa darasa la kwanza. Vilianza kufika shuleni mwaka 2016, na nchi nzima vikapita milioni moja.

"Vinafanya kazi?" nikauliza.

"Vimo vyote," akajibu.

Nilidhani amenikwepa. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa amenijibu swali ambalo huulizwa kila mara. Anayekuja kukagua hutaka kujua vimefika vingapi, vimo vingapi, nani alitia sahihi. Kishikwambi kilichokwaruzwa na mtoto kitahitaji maelezo, lakini kilicholala kabatini miaka mitatu hakihitaji hata neno. Ukiwa wewe ndiye mwenye funguo, na mshahara wako ndio utakaokatwa, utafanya nini? Mimi pia ningenunua kufuli la pili.

Sisemi miradi yote iko hivyo. Mradi wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015, ulileta vitabu vya Kiingereza na Kiswahili kwa madarasa ya chini, na pamoja navyo ukamleta mtu: ofisa wa mtaala aliyekaa nyuma ya darasa, akasikiliza watoto wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu. Viwango vya kusoma vilipanda. Sidhani ni karatasi zilizokuwa bora kuliko za wengine. Kuna mtu alikuja kuuliza swali tofauti.

Hadithi za kusoma kwa raha, niliambiwa, hazimo stooni. Za zamani zilikuwa zimeng'oka kurasa, na mtaala ulipobadilika zikatolewa pamoja na vitabu vikuukuu. Zilikwenda wapi? Naibu akaelekeza kidevu upande wa sokoni. Mtu yeyote aliyenunua mandazi au njugu pale Kiogoro ameshawahi kufungiwa kwa ukurasa wa hesabu za sehemu.

Nilishuka mjini hadi maktaba. Huduma ya maktaba za taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na Katiba ya 2010 ikazitia maktaba katika orodha ya kazi za kaunti, jambo lililotuachia mjadala mrefu wa nani anunue vitabu na nani alipe umeme. Lakini shida yangu siku hiyo haikuwa ya kikatiba. Kijana wa mapokezi aliniuliza kwa upole, "Mwandishi?" Sijui. "Jina la kitabu?" Sijui. Akatabasamu kama daktari anayeambiwa kwamba maumivu yapo mahali fulani mwilini. Katalogi humsaidia mtu ambaye tayari anajua.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu wangu wa zamani, ambaye sasa ni mstaafu. Nilimkuta uani akichambua mboga za chinsaga. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamsimulia kila nilichokumbuka, na mto Gucha pia.

"Wewe umemkumbuka rafiki, ukamsahau mwenyewe," akasema. "Huyo ni Moses. King Kong ni swahiba yake."

"Mwalimu, una hakika?"

"Mwanangu, nani unadhani alikishona kile kitabu kwa uzi wa gunia?"

Moses wa Barbara Kimenye. Mama huyo alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaishi Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka wa Buganda, akawa mwandishi wa habari huko na baadaye Nairobi, na akafariki mwaka 2012. Vitabu vya Moses vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, vikichapishwa na Oxford kwa soko la Afrika Mashariki, na watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania wakavisoma mpaka vikachanika. Shule yenyewe ni ya Mukibi, yenye jina refu la kujitutumua linalodai kuwafunza wana wa waungwana wa Kiafrika. Ipo Uganda. Mto Gucha haumo hata kwa dawa.

Huo mto niliutia mimi. Kila nilipomaliza sura, nilikuwa nikiwasimulia wadogo zangu kwa Ekegusii, jikoni, kama omogano, yaani ngano. Na hadithi ya namna hiyo ukiisimulia Kiogoro, sharti watu wavuke maji wanayoyajua. Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta kitabu ambacho nusu yake sijawahi kukisoma.

Nikamuuliza Mwalimu alikitoa wapi. Akafuta mikono kwenye leso. Kaka yake, aliyesoma shule ya bweni mbali na kwetu, alirudi nacho likizo moja ndani ya sanduku na hakukirudisha. Ukurasa mmoja ulikuwa na muhuri wa shule hiyo. Kutoka kwa kaka kikaja kwake, kutoka kwake kikapita nyumba tano sita za kilima chetu. Nyumba ya nne alikuwapo mtoto aliyetumia jalada kuwashia moto.

Nililitafakari hilo ndani ya matatu hadi Nairobi. Mahali fulani, katika rejista ya shule nisiyoijua, kuna mstari ulioandikwa kwamba kitabu kimoja kimepotea. Pengine mkutubi alikemewa. Kwa hesabu za yeyote aliyekinunua, mimi ndimi hasara. Na vile vilivyobaki salama kwenye rafu ya shule ile, vikakaguliwa na kutiwa alama ya vema, sijui vilimfikia nani.

Nairobi sikwenda kwenye maduka makubwa. Nilikwenda kwa Inama, kama tunavyowaita wale wanaotandaza vitabu kando ya njia, maana huwezi kuchagua bila kuinama. Muuzaji wa tatu alivifahamu. "Moses yupi?" akauliza, kwa kuwa wako wengi. Nikaondoka na vitabu saba, viwili vikiwa na mihuri ya shule. Sikuuliza vilimfikiaje.

Nilitaka kuvitoa kwa ile shule yenye kufuli mbili. Naibu alifurahi kweli, kisha akanieleza utaratibu: barua ya kutoa, orodha ya majina, thamani ya kila kimoja ili viingie kwenye leja, na uthibitisho kwamba vimeidhinishwa. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba vingekaa salama kabisa. Nikamshukuru.

Nikaviacha kwa fundi cherehani pale sokoni, mama mmoja ambaye watoto hupita kibandani kwake kila jioni kubandikwa viraka na kurudishiwa vifungo. Nilimpa daftari la kuandika anayeazima. Alilipokea kwa adabu, akalitia chini ya vipande vya kitambaa.

Niliporudi baada ya miezi miwili alisimamisha cherehani aliponiona, na hakunipa mkono haraka kama kawaida yake. Juu ya meza palikuwa na vitabu vinne, kimoja kikiwa kimeng'oka jalada.

"Nisamehe, kaka," akasema. "Vitatu havijarudi. Kimoja kimechukuliwa na mtoto wa kule Keumbu, na hata simjui jina."