Fahamu: Vichwa vya ujumbe katika gRPC

Programu inapoiomba nyingine iliyo kwenye kompyuta ya mbali iifanyie kazi, data haisafiri peke yake. Hutanguliwa na kichwa cha ujumbe: jozi fupi za jina na thamani zinazoeleza nani anaomba, kwa idhini gani na atasubiri hadi lini.

Ndani yake kuna nini?

Katika gRPC, maktaba ambayo Google iliitoa kwa umma mwaka 2015, vichwa hivi hupita juu ya HTTP/2. Tazama mstari huu: `grpc-timeout: 5S`. Unaiambia seva kuwa mteja atasubiri sekunde 5 tu. Muda ukiisha, ombi hukatwa kwa kosa namba 4, na seva haina haja ya kuandaa jibu lisilo na mpokeaji.

Mstari wa `authorization` hubeba tokeni ya utambulisho. Ukikosekana pale unapodaiwa, jibu sahihi ni kosa namba 16.

Kwa nini kuna mkia?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Matokeo ya ombi, `grpc-status`, huja baada ya data, katika sehemu ya mwisho iitwayo mkia. Ni uamuzi wa busara: seva inayotiririsha majibu mengi haiwezi kujua mapema kama la mwisho litafaulu. Lakini vivinjari haviruhusu kurasa za wavuti kusoma mkia huo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuundwa kwa gRPC-Web, toleo la gRPC kwa ajili ya vivinjari.

Mipaka

Majina yanayoanza na `grpc-` ni ya maktaba yenyewe. Ukubwa unaopendekezwa kuwa kikomo cha vichwa ni kilobaiti 8, hivyo picha na mafaili yabaki kwenye data.